Bastola Ndogo ya Shabaha: Kuichagua na Kuitunza katika Jamaa

1. Somo hili ni la nani

Katika Marekani iko desturi iliyoenea sana, hasa mashambani na katika miji midogo, ya kwamba baba, mama na watoto wao wakubwa huenda pamoja siku ya mapumziko kulenga shabaha. Huenda katika uwanja uliotengwa kwa kazi hiyo, wakapiga karatasi zilizochorwa duara, wakahesabu alama zao, wakarudi nyumbani. Watu wengi wasemao Kiswahili sasa hukaa katika nchi ile, nao walitoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi. Hao hualikwa na jirani zao, au watoto wao huzisikia habari hizi shuleni na kuuliza. Kwa hiyo yafaa mtu mzima ayajue mambo haya sawasawa kabla hajatoa fedha yake.

Somo hili halikuandikwa kwa ajili ya watu wakaao Afrika Mashariki. Katika Kenya na Tanzania bastola si kitu cha kununuliwa kwa mchezo, wala hapana ruhusa ya kuwa nayo pasipo leseni ya Serikali. Tena si somo la silaha za kujilinda. Twanena habari za bastola moja tu, ile ndogo ya risasi ya 22 itumikayo kwa shabaha.

Neno kuu la somo ni hili: bastola ya jamaa huchaguliwa kwa kipimo cha mkono ulio dhaifu kuliko yote nyumbani, na hutunzwa kwa akili ya mtu aliye mzima kuliko wote. Ukilishika neno hilo, mengine yatafuata.

2. Risasi ya 22 ni kitu gani

Namba hii yaonyesha upana wa tundu la mtutu, yaani sehemu 22 katika sehemu 100 za inchi, ambazo ni karibu milimita 5.6. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, baruti iliyo ndani yake, kichwa kiingiacho mbele, na fataki iwashayo baruti. Katika risasi za bunduki kubwa fataki hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika hii ya 22, fataki imeenezwa ndani ya ukingo uzungukao kitako. Msumari wa bastola hupiga ukingo huo, ukabanwa baina ya msumari na chuma cha mtutu, na hapo fataki huwaka. Kwa sababu hiyo ganda limefanywa jembamba lipate kubonyea, nalo likiisha kupigwa hutupwa; halijazwi tena.

Risasi ya namna hii ilianza kwa Mfaransa Louis-Nicolas Flobert mwaka 1845. Mwaka 1857 Smith & Wesson wa Marekani wakatoa 22 fupi pamoja na bastola yake. Mwaka 1887 kiwanda cha J. Stevens kikatoa ile iitwayo .22 Long Rifle, nayo ndiyo itumikayo zaidi hata leo.

Sifa zake ni tatu. Bei yake ni ndogo kuliko ya risasi nyingine, haisukumi mkono kwa nguvu, na mlio wake haumshtui sana mwanafunzi. Mtu asiyeshtuka hujifunza upesi, maana hafumbi macho kabla ya kufyatua. Hata katika michezo ya Olimpiki wanawake hushindana kwa bastola ya 22, umbali wa mita 25, tangu mwaka 1984.

Lakini udogo wake ndio mtego wake. Kichwa cha kawaida kina uzani wa gramu 2.6 tu, hata hivyo chaweza kuruka maili moja na kumwua mtu. Watu huiogopa bunduki kubwa, wakaicheza ndogo, na katika kuicheza ndimo msiba huingia. Basi yeyote nyumbani akisikiwa akisema, "Ni ya 22 tu," huyo hajawa tayari kuishika.

3. Sheria kwanza, duka baadaye

Sheria za silaha katika Marekani ni za tabaka mbili: ziko za nchi nzima, na ziko za kila jimbo. Yampasa mtu kuzijua zote mbili kabla hajafika dukani.

Kwa sheria ya nchi nzima, muuzaji mwenye leseni hawezi kumuuzia bastola mtu ambaye hajatimiza miaka 21. Kijana ambaye hajatimiza miaka 18 haruhusiwi kuwa na bastola, ila kwa mambo machache kama kulenga shabaha. Na hata hapo hana budi kuwa na ruhusa ya mzazi iliyoandikwa kwa wino, naye aichukue ruhusa hiyo mwilini wakati wote anapoitumia bastola. Mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida amekatazwa kuwa na silaha na risasi, ila akiwa katika ruhusa maalum zilizotajwa katika sheria. Mtu wa namna hiyo asishike bastola ya rafiki, hata uwanjani, kabla ya kumwuliza mwanasheria. Kosa hili laweza kumharibia makazi yake yote.

Majimbo nayo hutofautiana sana. New York na Massachusetts hutaka leseni kabla mtu hajawa na bastola, na majimbo mengine hayataki. Mtu akihama jimbo, asidhani kwamba sheria imehama pamoja naye.

4. Kuchagua

Mkulima mwenye busara hachagui jembe kwa kung'aa kwake. Hulishika, hulipima mkononi, huutazama mpini. Afanye vivyo hivyo anunuaye bastola. Asinunue kwa kutazama picha, wala kwa sifa za mwenye duka. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Basi jamaa waende, wajaribu mbili tatu, kila mmoja atakayeitumia aishike. Yatazamwe mambo sita.

Kwanza, mkono. Mwenye mkono mdogo aushike mpini, kisha afikishe kidole cha shahada katika kifyatuo pasipo kuusogeza mkono wake. Akilazimika kuuzungusha mkono, bastola hiyo ni kubwa kwake. Tena ajaribu kulivuta nyuma komeo, yaani kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Asipoweza kulivuta mwenyewe, hataweza kuhakikisha mwenyewe kwamba bastola ni tupu. Jambo hili peke yake latosha kuikataa.

Pili, uzito. Bastola nyingi za shabaha zina mtutu mnene wa inchi 5 na nusu na uzito wa karibu kilo moja. Uzito huo huituliza bastola isitikisike. Lakini mikono ya mtoto huchoka, na mkono uliochoka huushusha mtutu mahali pasipotakiwa. Kwa jamaa yenye watoto afadhali iliyo nyepesi kidogo, au mtoto apige ameketi, mikono yake imeegemea mfuko wa mchanga.

Tatu, namna ya kushamiri, yaani kutia risasi. Ziko namna mbili. Ya kwanza ina silinda izungukayo, na risasi zimo ndani ya vyumba vyake. Mfano wake ni Ruger Single-Six, iliyoanza mwaka 1953. Risasi hutiwa moja moja, na nyundo huvutwa kwa kidole gumba kila mara kabla ya kupiga. Ni ya polepole, na upole huo wamfaa sana mwanafunzi. Namna ya pili hutiwa risasi kwa kijaluba chembamba kiitwacho magazini, ambacho kwa kawaida huchukua 10. Kila ikilia, hutupa ganda na kujishamiri tena. Hii hupendwa zaidi na walengaji, kwa kuwa mkono hausogei kati ya risasi na risasi. Lakini ina hatari moja ambayo kila mtu hana budi kuikariri: ukitoa magazini, risasi moja yaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Bastola isiyo na magazini si bastola tupu. Ni tupu pale tu chumba cha mtutu kilipofunguliwa na kutazamwa.

Nne, kufunguka kwa kusafishwa. Chombo kigumu kufunguka hakisafishwi. Bastola ya kwanza ya Ruger ilitoka mwaka 1949, bei yake dola 37 na nusu, nayo ikapendwa kwa uimara. Lakini ile na ndugu zake walioifuata, Mark I, Mark II na Mark III, zilijulikana kwa taabu ya kuzirudisha baada ya kuzifungua. Mark IV, iliyotoka mwaka 2016, hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja kilicho nyuma. Buck Mark ya Browning, iliyoanza mwaka 1985, na SW22 Victory ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 2016, huhitaji ufunguo mdogo wa skrubu wa pembe sita. Zote ni bastola njema. Mwombe muuzaji aifungue na kuifunga mbele yako, kisha ufanye wewe.

Tano, vilengeo. Vilengeo vya chuma, kimoja mbele na kimoja nyuma, vyatosha kwa kujifunza. Hakikisha kile cha nyuma chaweza kusogezwa kwa skrubu, kulia na kushoto, juu na chini. Miwani ya nukta nyekundu ni msaada kwa wazee ambao macho yao hayaoni kilengeo waziwazi. Nayo yaweza kuongezwa baadaye.

Sita, mpya au kuukuu. Bastola za zamani, kama Colt Woodsman iliyotengenezwa tangu mwaka 1915 mpaka 1977, ni kazi nzuri ya mikono, lakini vipuri vyake ni shida kupatikana. Ukinunua kuukuu, tazama ndani ya mtutu kwa taa, uone kama pana kutu au uvimbe. Tena uliza habari za marekebisho ya kiwanda. Mark IV zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017 ziliitwa zirudi kiwandani, kwa kuwa kifyatuo kikivutwa wakati kizuizi cha usalama kimesimama katikati, bastola iliweza kulia pasipo kutazamiwa. Single-Six za kabla ya mwaka 1973 nazo zaweza kulia zikianguka, ikiwa nyundo imelala juu ya chumba chenye risasi, isipokuwa zimetiwa kifaa kipya na kiwanda. Namba iliyochorwa juu ya chuma itakuonyesha bastola yako ni ya lini. Mpelekee mwenye kiwanda namba hiyo, naye atakujibu.

5. Risasi za kutumia

Juu ya mtutu pameandikwa jina la risasi ipasayo. Usitie nyingine, hata kama yaonekana kuingia. Risasi ziendazo kasi na zile za mwendo wa wastani hufanana kwa macho; lakini zile za wastani, ambazo kasi yake ni chini ya kasi ya sauti, ndizo zipendwazo kwa shabaha, na bastola nyingine za mashindano, kama Model 41 ya Smith & Wesson, zilitengenezwa kwa ajili ya hizo. Kwa upande mwingine, bastola nyingine hukwama zikipewa risasi dhaifu. Soma kijitabu chake, kisha nunua visanduku vidogo vya namna tatu au nne, ujaribu ipi yapiga pamoja na kutokwama. Ukiisha kuijua, dumu nayo.

6. Kanuni za uwanjani

Kanuni kuu ni nne, na kila mtu azijue kwa moyo kabla hajashika bastola.

Ya kwanza: kila bastola ihesabiwe kuwa imeshamiriwa, mpaka wewe mwenyewe umeifungua na kutazama. Ukimpa mwenzako, naye afungue na kutazama, ijapokuwa amekuona ukifanya. Hilo si kumdharau mtu. Ndiyo adabu ya chombo hiki.

Ya pili: mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho hukukusudia kukipiga. Bastola ni fupi, na kwa ufupi wake hugeuka upesi kuliko bunduki. Mtoto akifurahia alama yake hugeuka na mwili mzima ili amwonyeshe mama yake, na mtutu hugeuka pamoja naye. Kwa hiyo mkubwa asimame karibu, upande wa mkono ushikao bastola, tayari kuuzuia mkono ule.

Ya tatu: kidole kikae nje ya kifyatuo, kimenyooka ubavuni mwa bastola, mpaka vilengeo viko juu ya shabaha.

Ya nne: ijue shabaha na yaliyo nyuma yake. Nyuma ya shabaha na pawe ukuta wa udongo au kilima. Usipige maji, mawe, wala chupa, maana kichwa cha 22 hudunda juu ya vitu vigumu na juu ya maji, kikaenda usikokutazamia.

Ikiwa umefyatua na bastola haikulia, usiigeuze kuitazama. Fataki nyingine huchelewa kuwaka. Ushike mtutu vivyo hivyo kwa shabaha, uhesabu sekunde 30, kisha ufungue na kuitoa risasi. Na ikiwa imelia kwa sauti hafifu kuliko kawaida, simama hapo hapo. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikipigwa nyuma yake yaweza kuupasua. Fungua, toa kila risasi, kisha tazama kama mwanga wapita.

7. Masikio, macho na madini ya risasi

Mlio wa bastola ya 22 waonekana mdogo, lakini hupita desibeli 140, nayo ndiyo kiasi ambacho pigo moja tu laweza kuliumiza sikio lisipone tena. Kila mtu aliye uwanjani, hata mtazamaji, avae vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho. Ganda la moto likirushwa laweza kuingia jichoni au ndani ya ukosi wa shati, na mtu akiungua hurukaruka, akasahau alichoshika.

Katika lugha yetu neno risasi lina maana mbili: ni kile kirushwacho na bunduki, tena ni madini mazito yenye rangi ya kijivu. Hayo madini ni sumu. Vichwa vingi vya 22 ni vya risasi tupu, na fataki zake kwa kawaida zina risasi ndani yake. Kila ikilia, vumbi jembamba hutoka, likakaa juu ya mikono, nguo na nywele. Mtoto huumia kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima, kwa kuwa sumu hii huharibu ubongo unaokua. Basi mtu asile wala kunywa mahali pa kulengea. Akimaliza, anawe mikono na uso kwa sabuni na maji baridi, abadili nguo, na nguo hizo zifuliwe mbali na za mtoto mchanga. Mama mja mzito afadhali asiende kabisa. Uwanja wa ndani ya nyumba usio na upepo wa kutosha usiingiwe na mtoto.

8. Kusafisha

Kabla ya yote, toa magazini, fungua komeo, tazama chumba cha mtutu kwa macho, tena ukiguse kwa ncha ya kidole. Kisha peleka risasi zote katika chumba kingine cha nyumba. Meza ya kusafishia isiwe na risasi hata moja.

Fungua bastola kama kijitabu kielezavyo, wala usitumie nguvu. Chuma kilichotengenezwa vema hakihitaji kupigwa nyundo; kikikataa, ujue umekosa hatua.

Tia kitambaa kidogo chenye dawa ya kusafishia, ukipitishe ndani ya mtutu kwa mdeki, kuanzia nyuma kuelekea mbele. Ikiwa bastola yako hairuhusu mdeki kuingia kwa nyuma, tumia kamba yenye kitambaa, ivutwe kupita. Mdeki ukiingizwa kwa mbele ovyo hukwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo ulioharibika hupoteza shabaha. Kisha pitisha vitambaa vikavu mpaka vitoke safi. Mtutu wa 22 hauhitaji kusuguliwa sana.

Mahali pahitajipo kazi zaidi ni chumba cha risasi na uso wa komeo. Vichwa vya 22 vimepakwa nta au mafuta, na baruti yake huacha masizi mengi. Nta na masizi vikichanganyika hufanya ugaga, na risasi haiingii mpaka mwisho. Tumia mswaki mgumu, ukisafishe chumba hicho, na kile kijino kinachovuta ganda, na tundu la msumari. Wengi husema bastola yao imeharibika, kumbe ni ugaga tu.

Mafuta yawe kidogo. Tone moja hapa na moja pale ambapo chuma husugua chuma, kisha pangusa. Mafuta yakizidi huvuta masizi, yakawa tope. Magazini isitiwe mafuta ndani, ipanguswe kavu. Mwisho pangusa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, maana jasho la mkono lina chumvi, na chumvi huleta kutu kama ionekanavyo katika panga lililolazwa pasipo kupanguswa.

Baada ya kila safari, pangusa chuma na chumba cha risasi. Baada ya risasi mia chache, fanya usafi wote. Tena usifyatue bastola tupu kwa mazoezi kabla ya kusoma kijitabu chake. Katika bastola nyingine za 22, pasipo ganda ndani, msumari hupiga ukingo wa chumba cha mtutu na kuubonyeza, na risasi haiingii tena vema.

9. Kuihifadhi nyumbani

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Walinena habari za mkaidi ambaye ataonywa na kidonda. Lakini kidonda cha bastola mara nyingi hakibakizi mtu wa kuonywa. Hapa methali hiyo iachwe mlangoni.

Bastola ikae tupu, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Risasi zikae mahali pengine, nazo zifungwe. Ufunguo awe nao mtu mzima, mwilini mwake. Tangu sheria ya mwaka 2005, muuzaji mwenye leseni anunuliwapo bastola hana budi kutoa pamoja nayo kufuli au chombo kingine cha kuifungia. Watu wengi huitupa kufuli hiyo katika droo. Itumieni. Katika majimbo mengine, kama Massachusetts, kuiacha bastola pasipo kufungwa, nayo haiko chini ya mkono wa mwenyewe, ni kosa la sheria.

Usiifiche chini ya godoro, wala juu ya kabati, wala ndani ya kikapu cha nguo. Mtoto huyajua maficho yote ya nyumba kuliko baba yake. Kuficha si kufunga. Wala usiiweke muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi huvuta unyevu, na chuma hushika kutu. Katika nyumba zenye chumba cha chini ya ardhi, unyevu ni mwingi; weka ndani ya sanduku kifuko cha chembe zinyonyazo maji, ukibadili kila kikilowa.

Liko jambo jingine ambalo watu huona haya kulitaja, nalo lazima litajwe. Katika Marekani zaidi ya nusu ya watu wafao kwa silaha hujiua wenyewe. Akiwapo nyumbani mtu aliyezidiwa na huzuni, kijana au mzee, kufuli peke yake haitoshi. Bastola itoke nyumbani kabisa kwa muda huo, ikawekwe mahali ambapo sheria ya jimbo yaruhusu, mpaka mtu huyo amepata nafuu. Mchezo waweza kungoja.

10. Kumfundisha mtoto

Usiulize kwanza ana miaka mingapi. Uliza: akiambiwa "Simama," husimama mara ile? Mtoto asiyetii neno la kwanza shambani au barabarani hatalitii uwanjani. Aliye mtiifu aanze kwa kuzisema kanuni nne kwa maneno yake mwenyewe, na kwa kujifunza kuifungua bastola tupu na kuonyesha kwamba ni tupu.

Siku ya kwanza mtoto atiwe risasi moja tu ndani ya bastola. Ikiisha kulia, bastola ni tupu tena, na hata akigeuka hatamwumiza mtu. Afanye hivyo mara nyingi, siku nyingi, kabla ya kupewa mbili. Karatasi iwekwe karibu, yadi 7 hivi, apate kuona alama zake na kutiwa moyo. Akichoka, au akianza kucheza, siku imekwisha, hata kama risasi zimebaki. Wala asionewe haya asiyependa. Mchezo wa lazima si mchezo.

Hata mtoto asiyelenga shabaha afundishwe jambo moja: akiona silaha mahali popote, nyumbani kwa rafiki au njiani, asiiguse, aondoke pale, akamwambie mtu mzima. Naye mzazi, kabla ya kumpeleka mtoto kucheza kwa jirani, asione haya kuuliza kwa upole kama silaha zao zimefungwa. Jirani mwema hatachukia swali hilo.

11. Maswali ya kujibiwa kabla ya kununua

Jamaa wakae pamoja, wayajibu haya kwa kweli:

1. Je, sheria ya nchi na ya jimbo letu yaturuhusu, kila mmoja wetu atakayeishika?
2. Je, aliye dhaifu kuliko wote aweza kulivuta komeo na kuonyesha kwamba chumba cha mtutu ni kitupu?
3. Je, twaweza kuifungua na kuifunga tena pasipo msaada?
4. Je, namba yake imetazamwa, kama iliitwa kurudi kiwandani?
5. Je, sanduku la kufungia limekwisha kununuliwa, na limekwisha kupata mahali pake?
6. Je, fedha ya vizibo vya masikio, miwani na mafuta imehesabiwa pamoja na bei ya bastola?
7. Je, hakuna nyumbani mtu ambaye hali ya moyo wake leo yatutia shaka?
8. Je, ni nani atakayekuwa na ufunguo?

Likipatikana jibu moja lisiloridhisha, fedha na ikae mfukoni kwanza. Uwanja wa shabaha utakuwapo mwakani, na bastola ya kukodi yatosha kwa kujifunzia.